Kuchapa Pwani Inayobadilika: Mwongozo Kamili wa Picha za Bamba, kutoka Lamu

Picha nyingi zinazochapwa Lamu huzunguka vitu vitatu: jahazi, punda na mlango wa nakshi. Vinauzika, na sina ugomvi na anayeviuza. Mwongozo huu nimemwandikia mtu mwingine, yule anayetaka kuchonga na kuchapa pwani anayoikumbuka mwenyewe, ile ambayo ukimpeleka mgeni leo unabaki kunyoosha kidole na kusema, “Hapa palikuwa na…”

Nitaeleza kwa kina njia moja, ya kupunguza bamba, yaani kile kipande cha lino au ubao kinachochongwa, kupakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi. Unachonga kidogo, unachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, unalirudia bamba lilelile na kulichonga zaidi, unachapa rangi ya pili juu ya ile ya kwanza, na kuendelea hivyo mpaka bamba limebaki vipande. Maji yakimwagika hayazoleki, na hapa ni hivyo hivyo: ulichokichonga kimeondoka, ila rangi iliyochapwa kabla hujakiondoa inabaki kwenye karatasi. Kwa picha ya ufuo uliobadilika sijaona njia inayofaa kuliko hii, na hatua zote zinazofuata, hata za kuchagua rangi, zimepangwa kwa ajili yake.

Mfano nitakaoutumia ni ufuo wa Kililana, upande wa bara, ilikojengwa bandari mpya ya Lamu. Gati la kwanza lilizinduliwa Mei 20, 2021. Kabla ya hapo palikuwa na mikoko, tope na njia za wavuvi. Wewe chukua mahali pako: Shela, Matondoni, Kipungani, au Mambrui kama ni mtu wa Malindi.

Kumbukumbu kwanza, simu baadaye

Kaa chini pasipo picha yoyote mbele yako. Chora mahali pale mara tatu kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, kila mchoro usizidi kiganja, kila mmoja kwa dakika tano hivi. Usifute. Kama hukumbuki kisima kilikuwa upande gani, kiweke unapodhani kilikuwa. Vipimo havitakuwa sawa. Mti mmoja utatoka mkubwa mno, ngazi za gati zitazidi idadi. Viache hivyo, kwa sababu vinakuonyesha ni nini akili imekikuza na nini imekitupa.

Halafu zungumza na wakubwa wa mahali hapo. Namna ya kuuliza ina uzito. Ukimwuliza mzee, “Zamani palikuwaje?” atakujibu kwa adabu kwamba palikuwa pazuri, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize kazi. “Shikamoo, babu. Samaki mlikuwa mkiwashushia wapi? Kamba mkiifunga kwenye nini? Maji yakipwa mlitembea mpaka wapi?” Hapo utatajiwa nguzo, jiwe, mchu (aina ya mkoko) mmoja mkubwa, mahali pa kukalia ukisubiri maji yajae ndipo upite mkondo wa Mkanda. Vitu vya namna hiyo vinachongeka. Huzuni peke yake haichongeki.

Ukiazima picha za familia, omba ruhusa ya kuzitumia. Sura za watu, za kina mama hasa, ziache nje ya bamba isipokuwa wenyewe wameridhia waziwazi. Mji ni mdogo, na picha iliyochapwa husafiri.

Mwisho nenda mahali penyewe, maji yakiwa yamejaa na tena yakiwa yamekupwa. Chagua siku za bamvua, kwani ndipo maji yanaporudi mbali zaidi na mizizi ya mikoko ikaonekana yote. Sasa piga picha za simu utakavyo. Chagua moja iliyopigwa karibu na pembe ya mchoro wako, ichapishe kwa ukubwa uleule, uziweke karatasi mbili pamoja dirishani penye mwanga. Zinapoachana ndipo penye kazi yako. Piga alama ya kalamu nyekundu kwenye kila kitu kilichoko katika mchoro na hakimo katika picha ya simu, na alama ya buluu kwenye kilichomo katika picha na hakimo katika mchoro. Karatasi hiyo yenye alama mbili ndiyo ramani ya rangi zote zitakazofuata. Ibandike ukutani.

Jambo moja nalisisitiza kabla hatujashika patasi. Pwani hii haikuanza kubadilika jana. Ngome ya Lamu, iliyomalizika kujengwa karibu mwaka 1821, ilikuwa ukingoni mwa maji. Leo kuna majengo na barabara ya pwani mbele yake, juu ya ardhi iliyojazwa. Mikoko ya Lamu, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ilikatwa kwa karne nyingi na kupelekwa Uarabuni na Ghuba na majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, hadi serikali ilipopiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Vyumba vya nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Ukichapa “zamani” kama bustani isiyoguswa na mtu, mzee yeyote aliyewahi kukata boriti atakucheka. Kwa hiyo chagua zamani moja: utoto wako, au ule wa babu uliyezungumza naye, au mwaka fulani kabla ya ujenzi fulani.

Vifaa

Bamba la lino hutengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa koki, likiwa na kitambaa cha juti nyuma. Lile la wasanii huwa na unene wa milimita 3.2. Linapatikana kwenye maduka ya vifaa vya sanaa Nairobi, na ukiliagiza litafika Mokowe kwa basi na kuvuka kwa boti kama mzigo mwingine. Sema lipakiwe bapa, kwani lino kuukuu ikikunjwa hupasuka. Kama hulipati, plaiwudi ya milimita 4 au 6 inafaa sana. Mistari ya mbao hujichapa angani kwenye picha, jambo ambalo wengine, mimi mmoja wao, tunalitaka makusudi. Anza na bamba la sentimita 20 kwa 15.

Patasi za lazima ni mbili: yenye ncha ya V kwa mistari, na bobari, ile iliyopinda kama U, kwa kuondoa maeneo makubwa. Seti za bei nafuu za wanafunzi zinatosha kwa lino. Kwa plaiwudi hazifai. Hapa Lamu tuna bahati ambayo wachapaji wa miji mikubwa hawana, kwani mafundi wa nakshi wapo mitaani na wanajua kunoa kuliko mwalimu yeyote wa sanaa. Mpelekee fundi patasi zako, umlipe, na utazame mkono wake unavyokwenda kwenye jiwe. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu na inateleza.

Wino ununue wa mafuta, ule wa kuchapia picha, na kama unapatikana uwe wa aina inayosafishika kwa maji na sabuni. Wino wa maji una rangi nzuri, lakini kwa upepo wetu hukauka kwenye rola kabla hujafika kwenye karatasi ya tatu. Tone mbili tatu za glisarini huuchelewesha kidogo. Rangi za kuanzia ni nyeupe, nyeusi, buluu, manjano na nyekundu, na kopo moja la wino mtupu usio na rangi, unaochanganywa na nyingine ili zipitishe mwanga. Usiache kopo hilo dukani. Bila hilo, kila rangi ya juu itaizika ya chini, na picha yote ya kumbukumbu inategemea ya chini kuonekana.

Karatasi iwe nyembamba lakini imara. Zile za Kijapani za nyuzi za mforosadi ni bora kabisa. Karatasi ya kuchorea ya gramu 120 hadi 160 inafanya kazi vizuri. Ikizidi gramu 200 utasugua mpaka bega liume na bado picha itoke na madoa. Merikani, kitambaa cha pamba, pia huchapika, ila uifue kwanza kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke, kisha uipige pasi.

Vinavyobaki ni vyepesi: rola ya mpira ya upana wa sentimita 8 hadi 10, kioo au kigae laini cha kutandazia wino, kisu cha kuchanganyia rangi, karatasi ya kaboni, na kitu cha kusugulia. Presi, mashine ya kuchapia, si ya lazima. Mgongo wa kijiko cha chuma unatosha, na kipande cha kifuu kilichosuguliwa kwa msasa mpaka kikang’aa ni kizuri zaidi, kwani hakipati joto haraka mkononi.

Kuupeleka mchoro kwenye bamba

Picha hutoka imegeuka. Kilicho kulia kwenye bamba kitakuwa kushoto kwenye karatasi, na mtu wa Lamu ataona mara moja ukiweka kisiwa cha Manda upande usio wake. Nakili mchoro kwenye karatasi inayopitisha mwanga, uigeuze kifudifudi, uweke kaboni chini yake na upitishe kalamu. Kisha pitia mistari kwenye bamba kwa kalamu ya wino usiofutika. Penseli na kaboni hufutika kwa jasho la kiganja.

Ukikwama katika mpangilio, leso inakufundisha. Ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno chini ya mji. Weka mahali panapokumbukwa kwenye mji, na kwenye pindo rudia kitu kimoja kidogo ulichotajiwa na wazee: fundo la kamba, jani la mchu, tundu la kaa. Jina liwe fupi. Maneno manne yanatosha, na kila herufi ichorwe kinyume. Kwa herufi za Kiarabu ni vivyo hivyo, mstari utaanzia kushoto kwenye bamba. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango kwa pamoja, kwa hiyo mkono unaoandika na mkono unaochonga si wageni kwa kila mmoja katika mji huu. Hata hivyo, kama herufi si fani yako, acha jina kabisa. Herufi mbaya huharibu bamba zuri.

Kibao cha kupangia

Watu huiruka hatua hii na ndiyo inayoamua kila kitu. Rangi tatu lazima zikae juu ya mahali pamoja, karatasi baada ya karatasi. Chukua kipande cha plaiwudi cha sentimita 35 kwa 30. Gundisha vipande viwili vya kadibodi ngumu, yenye unene kama wa bamba, kuunda kona ambamo bamba litakaa daima. Kisha, nje yake, gundisha vizuizi viwili vya karatasi: kimoja cha umbo la L kwa kona ya karatasi, kingine kilichonyooka kwa ubavu wake. Bamba likiwa kwenye kona yake, karatasi hushushwa kwa kugusa vizuizi hivyo kwanza, kisha huachiliwa ilale.

Kata karatasi zote kwa kipimo kimoja, sentimita 28 kwa 22, na uweke alama ndogo ya penseli nyuma ya kona inayogusa kizuizi, ili kona hiyohiyo itumike kila mara. Ukitaka nakala 10 safi, anza na karatasi 15. Hutaweza kuongeza hata moja baadaye.

Kuchonga mara ya kwanza: kilicho cheupe

Kabla ya rangi yoyote unachonga sehemu zitakazobaki rangi ya karatasi yenyewe. Kwa Kililana ni mwanga: mng’ao wa maji yakianza kupwa, tanga moja la mbali, mstari mwembamba wa povu. Kidogo tu. Anayeanza huchonga kupita kiasi katika hatua hii kwa sababu patasi ni mpya na mkono una hamu.

Weka bamba kwenye ubao wenye kizuizi mbele, mkono usioshika patasi uwe nyuma ya ncha muda wote, na unapokata mviringo zungusha bamba, si patasi. Kina cha milimita moja kinatosha kwa mistari. Kwenye maeneo mapana nenda chini kidogo zaidi ili karatasi isizame na kugusa. Jua la Lamu huilainisha lino yenyewe. Asubuhi ya baridi ya Julai iweke dakika chache kizingitini kwenye jua.

Rangi ya kwanza

Changanya wino mtupu mwingi, nyeupe, buluu kidogo mno na manjano iliyovunjwa kwa tone la nyeusi. Unatafuta rangi ya maji yenye tope saa za asubuhi. Ile buluu ya matangazo ya hoteli iache. Iwe hafifu kuliko unavyodhani inafaa, kwani tabaka mbili zinakuja juu yake.

Tandaza wino kwenye kioo kwa rola mpaka ulale mwembamba na usikie sauti yake, ile ya mafuta ya kukaangia yanapoanza tu kushika moto. Ukisikia kimya na rola inateleza, wino ni mwingi. Paka bamba mara nyingi kwa tabaka nyembamba, ukibadili mwelekeo, badala ya mara moja kwa unene. Lishushe kwenye kona yake, shusha karatasi, weka juu yake karatasi laini ya kuokea ili kijiko kisichane, kisha sugua kuanzia katikati kwenda kingo kwa duara ndogo. Inua kona moja uchungulie huku umeshikilia upande wa pili. Pakiwa na madoa meupe, ongeza kusugua hapo, irudishe, na uinue taratibu.

Chapa zote 15 siku hiyohiyo, kwa mchanganyiko uleule. Zitundike kwa vibanio kwenye kamba ndani ya chumba chenye hewa.

Rangi ya pili: mikoko kama ilivyokuwa

Zikikauka, rudi kwenye bamba. Sasa unachonga na kuondoa kila kitu kitakachobaki rangi hafifu: maji, anga, tope. Kinachosimama kwenye bamba ni mikoko kama ulivyoichora katika ile michoro ya kumbukumbu, kwa ukubwa wake wa uongo, na pia, makini hapa, kila kitu kitakachochapwa cheusi mwishoni. Kreni za bandari, ambazo hazikuwepo kabisa katika zamani uliyoichagua, lazima ziwe zimeachwa kwenye bamba tangu patasi ya kwanza. Zitachapwa kijani pamoja na mikoko, kisha zitafunikwa. Watu wengi huchonga anga yote safi katika hatua hii, halafu wakifika mwisho hawana mahali pa kusimamishia kreni. Tazama zile alama za buluu kwenye karatasi yako ya ukutani kabla ya kila pigo kubwa.

Kijani cha mikoko si kijani cha nyasi. Buluu na manjano, kisha nyekundu kidogo ya kuivunja, na wino mtupu karibu nusu. Kama unachora aina mbili za mikoko pamoja, mkandaa na mkoko wenyewe, unaweza kupaka bamba kwa vipande viwili vya kijani kwa rola mbili ndogo. Mimi hupendelea kijani kimoja, kwa kuwa ukiitazama kutoka mbali, ukiwa botini, mikoko ni ukuta mmoja.

Rangi ya tatu: kilichopo leo

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Chonga na kuondoa mikoko yote ambayo haipo tena. Haitapotea kwenye karatasi. Itabaki kijani hafifu, bila mashina, bila kivuli. Kinachobaki juu ya bamba ni mikoko iliyosimama bado na vitu vipya: gati, kreni, meli ya makontena, taa. Hivyo ndivyo vitakavyochapwa kwa buluu iliyokolea karibu na weusi. Mtazamaji hatahitaji maelezo ili aone tabaka mbili za wakati, kwa sababu kilichoondoka na kilichopo havikupata rangi sawa.

Nina maoni yangu hapa. Usizifanye kreni kuwa majitu. Zichonge kwa vipimo vya picha ya simu, na mikoko ibaki kwa vipimo vya kumbukumbu. Uzito wa picha usitoke kwenye kutia chumvi. Habari yenyewe ni nzito kiasi chake: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi huo, na wapo vijana wa hapahapa wanaoitegemea bandari kwa ajira. Bamba linaweza kubeba yote mawili likiwa na vipimo vya kweli.

Wino wa tatu uwe mwembamba sana. Mafuta juu ya mafuta huanza kung’aa, na tabaka la juu likikataa kushika, litatoka na vitundu. Ikitokea hivyo, pangusa nakala kwa kitambaa kikavu laini, ngoja siku moja zaidi, na upunguze wino kwenye rola.

Hewa ya Lamu

Vitabu vya ng’ambo husema wino hukauka kwa siku mbili. Hapa subiri siku tatu hadi saba, na mvua kubwa ya Mei zaidi ya hapo. Jaribio ni kidole kikavu kwenye pembe yenye wino mwingi. Miezi mizuri ya kazi hii ni ya kaskazi, Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu zaidi.

Karatasi hunywa unyevu na kutanuka. Ukizichapa rangi ya kwanza siku ya mvua na ya pili siku ya jua kali, kibao chako hakitakuokoa. Picha itahama kwa milimita nzima. Zihifadhi zote pamoja ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, katika chumba kilekile unachochapia, na kamwe usiziegemeze kwenye ukuta wa mawe na chokaa, kwani kuta za nyumba za zamani hutoa unyevu na chumvi. Kwa sababu hiyohiyo sahau ushauri wa kulowesha karatasi kabla ya kuchapa. Ni mzuri kwa picha ya rangi moja, lakini kwa bamba la kupunguza ni balaa. Ukifanya kazi darini chini ya makuti, tandika shuka juu. Vumbi la makuti hupenda wino mbichi.

Vipande vya pembeni

Si kila kumbukumbu inahitaji rangi tatu. Champali zilizookotwa ufuoni hukatika kwa kisu kikali na kuwa mihuri mizuri ya pindo. Lamu inajulikana kwa kazi hiyo tangu chombo cha Flipflopi kilipoundwa hapa kwa plastiki iliyokusanywa na kuvishwa champali za rangi, kikashushwa majini mwaka 2018. Osha chumvi yote, sugua uso kwa msasa mpaka uwe bapa, na chora umbo kubwa na sahili, kwa kuwa povu hilo halishiki mistari myembamba.

Nyumba ya zamani ikikarabatiwa, muombe fundi kipande cha boriti iliyotolewa. Kikate mkato wa kupingana na urefu, unene wa sentimita tatu, ukisugue kwa msasa wa aina tatu kutoka mkali hadi laini, ukipake wino na kukichapa kama kilivyo. Nyufa zake, alama za shoka na matundu ya wadudu vitatoka vyote. Kipande hicho kinaweza kuwa jua au mwezi katika picha yako ya mikoko, au kikae peke yake. Wavuvi wa Japani huchapa samaki wenyewe kwa namna hii, wino juu ya magamba na karatasi nyembamba juu yake. Ukijaribu na changu au tafi, mkaushe vizuri, umpake wino wa ngisi, na baada ya hapo umwoshe ale paka.

Kusafisha

Ondoa wino wa mafuta kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha sabuni ya vyombo. Mafuta ya taa hayahitajiki na huharibu rola. Maji ya kuoshea usiyamwage kwenye mfereji wa mtaani. Mifereji yetu inaishia baharini. Yaache kwenye ndoo rangi ituame, umwage ya juu mchangani mbali na kisima, na mashapo uyafunge kwenye gazeti.

Vitambaa vilivyolowa wino au mafuta ya kitani vina hatari isiyojulikana na wengi: vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe na vinaweza kushika moto bila kiberiti. Vitandaze vikauke kimoja kimoja nje, au vitumbukize kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Katika mji wenye darini za makuti na vichochoro ambavyo gari la zimamoto halipiti, hili halina mjadala.

Namba, saini na safari

Tenga nakala zilizohama au zenye madoa. Zilizobaki ziandike kwa penseli chini ya picha: kushoto namba, mfano 3/10, katikati jina la picha, kulia saini na mwaka. Penseli, kwa kuwa kalamu hupauka. Nyuma andika mahali, mwaka wa kumbukumbu na mwaka wa picha ya leo, na hali ya maji siku uliyokwenda. Mnunuzi wa mbali ataona ni pambo. Mtu wa Lamu atasoma hapo kwanza.

Nakala moja nje ya hesabu ni ya aliyekupa habari. Mpelekee mwenyewe, na usishangae akikuambia mchu ule ulikuwa upande wa pili. Liandike hilo nyuma ya nakala yako.

Bamba lililobaki, lenye kreni na mikoko michache tu, halichapi tena toleo hili. Ukimwuzia mtu nakala ya tatu kati ya kumi, ana hakika kwamba ya kumi na moja haitatokea, na unaweza kumweleza hivyo unapotaja bei.

Usikunje wala kuviringisha nakala kabla ya wiki mbili kupita tangu rangi ya mwisho. Zikisafiri kwa boti, weka karatasi laini kati ya nakala na nakala, kadibodi mbili ngumu nje, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa kwa selotepu pande zote. Mwambie nahodha ziwekwe juu ya mizigo, mbali na upande wa rashasha.